Mvi Hazikosolewi

Mji wa Eldoret una maelezo yaliyokwisha kuiva kila mgeni mzungu anapopatwa na kisanga. Akipanda matatu ya Kapsabet akidhani inakwenda Kapsoya, watu husema hajui mji. Akinunua kabichi kwa bei ya kuku, husema hajui pesa yetu. Akienda kanisani mikono mitupu na kurudi nyumbani amekumbatia jogoo asiyemhitaji, husema hajui desturi. Lawama yote humwendea mgeni na ujinga wake, wenyeji tukabaki safi kama shati la Jumapili. Maelezo hayo yanatosha kwa mtalii wa siku tatu, lakini yanashindwa kueleza jambo ambalo mkaaji yeyote wa mji huu anaweza kulichunguza mwenyewe. Kati ya wageni wanaokuja kwa kazi ya Mungu, vijana wa miaka 20 huachana na visanga baada ya miezi miwili hivi, na wanandoa wazee wa miaka 68 huendelea navyo mpaka siku ya kupanda ndege. Wametoka nchi moja, mara nyingi hata kanisa ni moja. Isitoshe, wazee hao wana akili ya maisha kuwashinda vijana: wamelea watoto, wamemaliza madeni ya nyumba, wameendesha ofisi za watu. Kama ujinga ndio chanzo, basi ni ujinga wa ajabu, kwa kuwa unawaandama zaidi wenye ujuzi. Ninachodai ni kwamba chanzo kiko upande wetu. Mzee huyu anaponzwa na mvi zake, kwa sababu huku kwetu mvi hazikosolewi.

Tuwatazame kwanza wenyewe. Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi wetu huliita la Wamormoni, lilitambuliwa rasmi nchini Kenya mwaka 1991. Wamisionari wake wanaojulikana zaidi ni wale vijana wa mashati meupe na vibandiko vya majina kifuani, wanaotembea wawili wawili. Wa kiume hutumikia miaka 2, wa kike miezi 18. Lakini kanisa hilo huwatuma pia wanandoa waliostaafu, waliokwisha kuoza watoto na kuzoea wajukuu, nao hujilipia gharama zao wenyewe. Hawagongi milango ya watu. Wanasaidia ofisini, wanafundisha, wanafuatilia miradi ya maji, wanawaunga mkono viongozi wa matawi. Makanisa mengine nayo yana wazee wa namna hiyo. Uwanda huu umepokea Wakatoliki, watu wa Africa Inland na Wareformed tangu zamani, na Taasisi ya Kichungaji ya Gaba, iliyohamia hapa kutoka Uganda mwaka 1976, imewazoeza wenyeji kumwona padri wa kila rangi akitafuta mahali pa kununua soksi. Kwa hiyo hakuna anayeweza kudai kwamba Eldoret haijazoea wageni. Imewazoea sana. Haijazoea kuwaambia kitu.

Chukua suala la baridi. Wanandoa hawa wengi hutoka Utah, mahali penye theluji ya kufika magotini, na wanapoambiwa wanakwenda Afrika huyaacha makoti yote nyumbani kwa binti yao. Sanduku linajazwa kofia za jua, mafuta ya kujikinga na jua, chandarua, na suruali za mifuko sita zinazofaa mtu anayewinda chui. Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Julai kipimajoto hushuka hadi karibu nyuzi 10, nyumba zetu hazina mashine ya joto, sakafu ni ya saruji, na mchana mvua ya mawe inaweza kuteremka bila kumwomba mtu ruhusa. Sasa mtazame mwenyeji aliyetumwa kuwapokea uwanja wa ndege. Yeye amevaa koti zito na kofia ya sufu iliyofunika masikio. Mbele yake amesimama mzee mwenye kaptura na makubazi, magoti yamegeuka rangi ya zambarau. Mzee anauliza kama hali ya hewa huwa hivi siku zote. Mwenyeji anajibu kwamba ni kibaridi kidogo tu, karibuni sana. Kijana mwenye magoti kama hayo angechekwa kuanzia mlango wa uwanja hadi kituo cha boda boda, na kabla ya magharibi angekuwa ameonyeshwa pale mitumba inapouzwa. Mzee atapewa siku tisa za mafua na sala nyingi za kumwombea uponyaji.

Ushahidi mzito zaidi, hata hivyo, umo ndani ya kikombe. Wamormoni hawanywi chai wala kahawa. Ni katika mafundisho wanayoyaita Neno la Hekima, ya mwaka 1833, wakati ambapo hakukuwa na Eldoret, na vilima vya Nandi havijaona hata mche mmoja wa chai. Sasa wapeleke wanandoa hao kwenye mji ambao salamu haijakamilika mpaka kikombe kimefika mkononi. Wamekaribishwa katika nyumba moja huko Kimumu. Chupa ya chai inaletwa, vikombe vinasuuzwa mbele ya wageni ili waone usafi, chai inamiminwa hadi ukingoni. Mzee anasema kwa upole kwamba wao hawanywi chai, asanteni. Hapo ndipo ungetazamia swali fupi la kwa nini. Haliulizwi, maana mzee hahojiwi. Badala yake mama wa nyumba anaanza upelelezi wa kimya kimya. Labda chai imepoa: inarudishwa jikoni, inakuja ikifuka mvuke. Mzee anatikisa kichwa. Labda ni sukari, wazee wa siku hizi wana ugonjwa wake: inakuja ya pili isiyo na sukari. Anatikisa kichwa. Labda ni maziwa, matumbo ya wazungu yana mambo: inaletwa strungi. Anatikisa kichwa mara ya tatu, na mkewe pembeni anatabasamu hadi mashavu yanauma. Kufikia hapo mama wa nyumba ameaibika kiasi cha kutaka kuhama Kimumu. Ndipo anapokikumbuka kibuyu kilichoko pembeni mwa jiko, na mursik inamiminwa.

Kwa asiyeifahamu, mursik ni maziwa yaliyolazwa siku kadhaa ndani ya sotet, kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa kaa la mti kama senetwet, kwa hiyo hutoka na ukali, harufu ya moshi, na rangi ya mbingu inayokusudia kunyesha. Ndiyo wanayonyweshwa wanariadha wetu wanapotua na medali shingoni. Mzee wa Utah anaona maziwa yenye chembe nyeusi. Naye ana adabu zake: amekwisha kukataa mara nne, hawezi kukataa mara ya tano. Anakipiga kikombe kwa mkupuo mmoja ili mtihani uishe upesi, anafuta masharubu, anasema ni nzuri sana. Katika nyumba ile kikombe kitupu ni ombi. Kinajazwa. Anakimaliza tena kwa kasi ile ile, na sasa kuna ushahidi usiopingika. Kesho yake habari zimeenea kwamba mzungu yule hataki chai, yeye ni mtu wa mursik, tena humaliza kabla hujaketi. Tangu siku hiyo hakuna mlango atakaoingia bila kibuyu kuwa kimewekwa tayari kwa ajili yake. Atarudi kwao baada ya miezi 18 akiwa amekunywa mursik nyingi kuliko vijana wengi waliozaliwa hapa na kuhamia soda. Katika kisa hiki sioni mjinga hata mmoja. Mgeni aliijua dini yake, mwenyeji aliyajua maziwa yake. Kilichokosekana ni mtu mwenye ruhusa ya kumnong'oneza mzee: bakiza nusu ya kikombe.

Linganisha na kijana wa kanisa lile lile, amekaribishwa Langas, amekataa chai ile ile. Kabla hajamaliza sentensi, msichana wa nyumba ameshauliza kama yeye ni mgonjwa au anaringa. Kijana anaona haya, anaeleza, wanamcheka, wanambishia kwamba Yesu mwenyewe angekunywa, na mjadala unakwisha kwa maziwa moto na andazi. Mtaa mzima umeelewa kufikia Jumatatu. Akikosea ngeli, watoto humfuata wakiirudia ile sentensi mbovu kwa sauti ya kuimba, wakichanganya na "mzungu hawayu", na hakuna mwalimu wa lugha duniani mwenye bidii kama mtoto wa miaka saba aliyepata mtu mzima wa kumcheka. Akitajiwa nauli ya kupindukia, makanga mwenyewe humhurumia na kumwambia yule mwenzake alikuwa anamjaribu. Kicheko ndicho chuo cha mgeni kijana, na ada yake ni aibu kidogo kila siku. Hebu mkumbuke Bruda Colm O'Connell, Mwairishi aliyefika Iten mwaka 1976, akiwa bado kijana, kufundisha jiografia katika shule ya St. Patrick's. Hakuwa na mafunzo yoyote ya ukocha wa riadha. Aliwatazama vijana wakikimbia, akawauliza, akajifunza kutoka kwao, akabaki miaka na mikaka, na mmoja wa wakimbiaji aliowafundisha, David Rudisha, akaweka rekodi ya dunia ya mita 800 katika Olimpiki ya London mwaka 2012. Najiuliza mambo yangekuwaje kama angefika akiwa na miaka 70. Wanafunzi wangekimbia jinsi alivyosema, hata kama alivyosema ni kinyumenyume, na Kenya ingekuwa na wanajiografia hodari.

Mitaani hali ni ile ile, ingawa maumivu ni madogo. Kwanza kuna kuulizia njia. Mzee akiuliza kituo fulani kiko wapi, hakuna atakayethubutu kumjibu kwamba hajui, maana kumwambia mtu mzima "sijui" ni kama kumfukuza. Atajibiwa kwamba ni hapo tu mbele. Kwa kuwa kaunti hii hupima umbali kwa miguu inayoshinda marathoni, hapo tu mbele ni kilomita sita, na nyingine mbili ukipotea. Kisha kuna fundi wa mabomba, ambaye hana moyo wa kumkatalia mzee, kwa hiyo hukubali kuja kesho, na kesho yake hukubali tena, kwa heshima zote, mpaka sebule inakuwa tawi la mto Sosiani. Sokoni ndiko penye utamu. Mama mboga hutaja bei yenye nafasi ya kupunguzwa, kama kawaida, akingoja mabishano ambayo ndiyo mapambo ya biashara yenyewe. Mzee, ambaye kwao bei imebandikwa, hulipa yote na kushukuru. Mama mboga sasa ana tatizo. Kumwambia kwamba alitakiwa kubishana ni kumkosoa, na kukaa na ile pesa ni dhambi inayomkuna. Anaiondoa kwa nyongeza: fungu la sukuma wiki, nyanya tatu, dania, na parachichi la kumpelekea mama nyumbani. Mzee anaondoka akiamini amekutana na mwanamke mkarimu kuliko wote katika Bonde la Ufa, anarudi kwake kila siku, na kwa mwezi wa tatu mfululizo nyumba yao ya Elgon View inanuka sukuma. Yeye amepunjwa, mama amefilisika kwa nyongeza, wote wawili wanaheshimiana mno.

Na yule jogoo? Katika makanisa mengi ya huku, sadaka za vitu huuzwa kwa mnada baada ya ibada: mkungu wa ndizi, trei ya mayai, galoni ya maziwa, jogoo aliyefungwa miguu. Wanandoa wageni wamealikwa na jirani, wamekalishwa mbele kwenye viti vya plastiki vilivyofunikwa vitambaa, wametakiwa kusalimu kanisa. Wamepewa na majina: yeye Kiprop kwa kuwa walifika na mvua, mkewe Chebet kwa kuwa ilikuwa mchana. Katika mnada mzee anamwona kijana anayemfahamu, anampungia mkono. Jogoo ni wake. Kanisa zima limeona kwamba alikuwa anasalimu mtu. Mnadi ameona, mchungaji ameona, mwenye jogoo ameona. Hakuna anayesema, maana kumwambia mzee kwamba amenunua kuku kwa bahati mbaya ni kumwaibisha hadharani. Analipa. Akifikiri haraka, kama mtu aliyewahi kuendesha ofisi, anatangaza kwamba anamrudisha jogoo kuwa sadaka yake. Makofi na vigelegele. Jogoo anauzwa upya, na aliyemnunua, kwa kuguswa na moyo wa mgeni, anatamka desturi inayojulikana na kila mtu isipokuwa watu wawili waliokaa mbele: anamnunulia mgeni. Jogoo anarudi mapajani. Ni wazi kwamba mzee anaweza kuendelea kumtoa na kanisa likaendelea kumrudishia mpaka paa jipya limalizike, na nashuku baadhi ya wazee wa fedha wamekwisha kuliona hilo.

Msomaji wa historia atanikatiza hapa. Atasema kunyamaza huku hakuhusiani na mvi, ni woga wa mzungu tuliourithi, na kwamba Eldoret zaidi ya miji mingine ina sababu ya kuurithi. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Mji huu ulianzishwa na wageni ambao hawakuwa na haja ya kukosolewa na mtu. Mwaka 1908 msafara wa Makaburu ulioongozwa na Van Rensburg ulipanda uwanda huu kwa magari ya ng'ombe kutoka Nakuru, ardhi ikagawanywa kwa nambari, na shamba nambari 64 likawa ndilo mji. Mpaka leo kuna wanaoiita Eldoret Sisibo. Inasimuliwa kwamba kasha la fedha la benki ya kwanza lilianguka kutoka kwenye gari, likawa zito kiasi cha kutoinulika, benki ikajengwa palepale kulizunguka. Huyo ndiye mgeni wa zamani: anaangusha kitu, na mji unajengwa kufuata kosa lake. Lakini kama woga huo ndio ungekuwa unatufunga midomo, ungewalinda pia vijana wa mashati meupe, ambao ni wazungu vilevile, na tumeona jinsi wanavyochekwa bila huruma. Tena ungewaacha wazee wasio wazungu. Sivyo ilivyo. Mstaafu kutoka Mombasa anayehamia hapa kumfuata mwanawe, akitetemeka katika kanzu yake nyepesi, naye huambiwa ni kibaridi kidogo tu. Mchungaji mzee kutoka Nigeria hunywa mursik yake vikombe viwili. Woga una rangi, lakini adabu hii inatazama nywele.

Wapo watakaosema kwamba kumkosoa mzee ni kupoteza pumzi, kwani mti uliokauka haukunjwi. Nakubali kwamba mti haukunjwi, ila mzee si mti, na ushahidi uko hapahapa mjini. Joe Mamlin, daktari wa Chuo Kikuu cha Indiana, alistaafu, kisha mwaka 2000 akahamia Eldoret na mkewe Sarah Ellen. Hawakuja kama wamisionari wa kanisa, lakini kwa umri na kwa hali walikuwa ndio hao hao: wanandoa wenye mvi, mbali na wajukuu, katika nyumba isiyo na mashine ya joto. Kutokana na ushirikiano wa chuo chake na Chuo Kikuu cha Moi na hospitali ya rufaa ya Moi, mwaka 2001 ulianza mpango wa AMPATH wa kutibu virusi vya Ukimwi, wakati ambapo wengi duniani walikuwa wakisema Mwafrika hawezi kupewa dawa hizo. Baada ya muda mpango huo wa madaktari ukawa unalima mashamba, kwa kuwa mgonjwa mwenye njaa hatibiki kwa vidonge peke yake. Daktari mstaafu hakuamka siku moja akaota sukuma wiki. Wodini watu husema, kwa sababu mgonjwa anayekonda hana wakati wa adabu ya kunyamaza. Mahali ambapo kunyamaza kunaua, tunamkosoa mzee, naye anabadilika. Kwenye chai na jogoo, ambako kunyamaza kunaharibu tu nguo na usingizi, tunamwacha.

Pingamizi gumu zaidi ni la desturi yenyewe. Je, tuwafundishe watoto wetu kuwakosoa wazee, kwa sababu tu wageni wanahangaika? Hapana, na wala sidai hivyo. Wazee wetu wenyewe hukosolewa kila siku, ila na watu wanaostahili. Wakalenjin wana ibinda, marika yanayozunguka tangu enzi na enzi: Maina, Chumo, Sawe, Korongoro na wenzao. Mtu wa rika lako anaweza kukuambia mbele ya mkeo kwamba umevaa kofia kinyume, nawe ukacheka. Watu wa pwani na wa bara wana watani wao kwa kazi hiyo hiyo. Tatizo la mzee mgeni ni kwamba hana rika hapa, nasi kwa ukarimu wetu tunampa kinyume cha rika: tunamzungushia vijana. Dereva ana miaka 25, mkalimani 23, askari wa lango 30, msichana wa kazi 19. Tumechagua kwa uangalifu watu wote wasioruhusiwa kumwambia kitu, tukawakabidhi kazi ya kumwelekeza.

Matokeo yake huonekana vizuri kabisa madhabahuni. Mzee amesimama kuhubiri, na ili kuwafurahisha wenyeji anasimulia jinsi alivyomwona Kipchoge kwenye televisheni mwaka 1968, akimwacha nyuma Mmarekani Jim Ryun kule Mexico. Mkalimani anashtuka. Anachojua yeye ni kwamba Eliud Kipchoge alizaliwa mwaka 1984, kwa hiyo mzee, maskini, umri umeanza kumchezea. Kumkosoa hawezi. Anamstahi kwa kuitafsiri sentensi hivi: mzee anasema anawapenda sana wanariadha wa Kenya. Kanisa linasema amina, na hadithi inafia hapo. Kumbe mzee alikuwa sahihi neno kwa neno, kwa maana Kip Keino jina lake ni Kipchoge Keino, naye ndiye aliyemshinda Ryun katika mita 1,500 kwenye Olimpiki ile. Kama kwenye benchi la mbele angekaa mzee mmoja tu wa miaka 75 mwenye ruhusa ya kudakia, angesimama akasema hata yeye aliisikia habari hiyo redioni, na wangeendelea kubishana kuhusu mzunguko wa mwisho mpaka chakula kipoe. Kwa hiyo vijana hawa, pamoja na kushindwa kuyarekebisha makosa ya mzee, wanamnyang'anya hata yale anayoyajua.

Kuna mtu wa vitendo ambaye hajali desturi wala historia. Yeye husema: watu hawa wanakaa miezi 18, wengine sita tu, kuna faida gani kuhangaika? Angekuwa na haki kama wangeondoka na visanga vyao. Hawaondoki navyo. Wanandoa wanaomaliza huwapisha wengine, mara nyingi katika nyumba ile ile, na huwaachia karatasi ya maelekezo mlangoni mwa friji, imeandikwa kwa mwandiko mzuri wa mwalimu mstaafu. Humo mna hekima yote waliyoipata bila kukosolewa: fundi huja siku ya nne, usimwite kabla, wenyeji hupenda ukimaliza kikombe haraka, yule mama wa sokoni ni malaika, mlipe anavyosema, usipunge mkono kanisani. Hilo la mwisho peke yake ndilo sahihi, na sababu yake haikuandikwa. Wanaofuata huisoma karatasi, huiamini, huiongezea mistari miwili. Baada ya wanandoa watano karatasi hiyo inakuwa kitabu cha desturi za watu wa Eldoret ambacho hakuna mtu wa Eldoret anayejitambua ndani yake, na ambacho sisi wenyewe tumekiandika kwa kunyamaza.

Methali inaagiza kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu apewe jembe. Haisemi apewe na nani, na hapo ndipo nadhani pa kurekebisha. Mji huu umejaa walimu wakuu wastaafu, makarani wa zamani wa reli, mama wa kanisa waliokwisha kuzika waume na wasiomwogopa mtu. Wamekaa nyumbani wakisubiri simu ya wajukuu. Wapeni hao kazi. Mzee wa Pioneer ampeleke mwenzake mitumba achague koti, amcheke magoti yake, amwambie bei ya nyanya na jinsi ya kukasirika nusu ili ishuke. Kogo, yaani bibi, wa Kapsoya amkalishe mama mgeni jikoni amwonyeshe ni wapi pa kuacha mursik kwenye kikombe.

Hasara ipo, nami siifichi. Mzee mgeni akishapata rika hatakuwa tena yule mtu mtulivu anayetabasamu kwenye kiti cha plastiki. Atajua mbolea ya ruzuku imechelewa na ni nani wa kulaumiwa. Atakuwa na msimamo kuhusu bei ya gunia la mahindi la kilo 90, atawashutumu vijana wa leo kwa kutojua kupanda kabla ya mvua ya Aprili, atambishia mama mboga kwa shilingi tano mpaka foleni ifike barabara ya Uganda. Fundi akisema kesho, atamwambia alete kitambulisho kikae rehani. Ofisi iliyomtuma itaandika barua kuuliza kwa nini taarifa ya robo mwaka haijafika, naye atajibu kwamba itafika kesho, ni kazi kidogo tu.